Baiskeli ya elfu mia tatu themanini: niikatie bima au niache?

Msomaji wa Kitengela anauliza, na barua yake hapa nimeifupisha: "Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya njia za changarawe, fremu ya kaboni, kutoka kwa mgeni aliyekuja mashindano ya Maasai Mara akaona hana haja ya kurudi nayo kwao. Tulipatana shilingi 380,000. Mpya dukani ni kama 650,000. Kati ya hizo, 250,000 nilikopa kwenye Sacco, nalipa kwa miezi 24. Naishi ghorofa ya pili na usiku baiskeli hulala kwenye roshani. Wakala wa bima ameniandikia bei: asilimia 5 kwa mwaka, na kila hasara nibebe mwenyewe asilimia 10, isipungue 20,000. Mke wangu anataka niikatie hata kesho. Wenzangu tunaoendesha pamoja Jumamosi wanasema kampuni za bima hazilipi baiskeli, heri niweke pesa zangu. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, mkeo anajua hofu yake na wenzako wanajua yaliyowakuta watu, ila sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyeisoma hati yenyewe. Mimi kazi yangu kwa miaka 22 imekuwa kukadiria hasara. Mtu akivunjiwa nyumba, duka likiungua, gari likipinduka, kampuni ya bima hunituma nikaone kilichotokea na nihesabu kimepotea cha shilingi ngapi. Sijawahi kumuuzia mtu bima. Mimi hufika baada ya kilio, na wengi ninaowakuta wakilia mara ya pili ni wale ambao hati yao waliifungua siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo bei ya baiskeli tuiweke kando kwanza. Ni ghali, hilo tumekubaliana. Nataka ukae na kalamu uandike baiskeli hii itakutoka vipi. Usiandike "wizi". Andika wapi, saa ngapi, wewe ukiwa umesimama wapi. Kisha uchukue karatasi ya wakala uone kama siku hiyo imo.

Tuanze na roshani, maana hapo ndipo moyo wangu ulipodunda niliposoma barua yako. Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani hulipa wizi pale mwizi alipoingia au kutoka kwa nguvu: kufuli limekatwa, mlango umeng'olewa, nondo za dirisha zimepindwa, na alama zake zinaonekana. Roshani iliyo wazi haina cha kuvunjwa. Niliwahi kutumwa kwenye dai la namna hii hapa Nairobi. Mwizi alipanda kwa bomba la maji machafu hadi ghorofa ya pili, akaishusha baiskeli kwa kamba ya kuanikia nguo ya mwenye nyumba mwenyewe, akaenda zake. Mwenye baiskeli alikuwa amelala ndani, hatua nne kutoka hapo. Nilizunguka roshani ile na tochi nikitafuta angalau mkwaruzo wa kunisaidia kumsaidia. Sikuona kitu. Niliandika nilichokiona na dai likakataliwa. Yule bwana tukikutana sokoni mpaka leo hanisalimii.

Ingiza baiskeli ndani ya nyumba leo jioni, hata kabla hujamaliza kusoma. Iegemee kabati la sebuleni, mama watoto atalalamika wiki moja halafu atazoea. Hakuna asilimia 5 itakayokufanyia kazi kama hiyo.

Sasa, wakala wako hakukuuzia bima ya vyombo. Kwa ulivyoieleza, amekupa bei ya ile inayoitwa bima ya hatari zote, ambayo hufuata kitu kinapotoka nje ya nyumba: kamera, kompyuta ya mkononi, saa, na baiskeli. Jina hilo limewaponza wengi. Ni hatari zote isipokuwa zile zilizotajwa ukurasa wa tatu na wa nne, na kurasa hizo ndizo hati yenyewe. Mle utakuta karibu kila mara sharti la kufuli: baiskeli ikiachwa bila mwangalizi iwe imefungwa kwenye kitu kisichohamishika. Hati nyingine hutaja hata aina ya kufuli, nyingine husema isiachwe nje usiku.

Nijuavyo mimi, Jumamosi nyingi zina kituo cha chai. Mnafika Isinya, mnazipanga baiskeli kumi na mbili ukutani, mnaingia ndani kunywa chai na mandazi, na kila mtu anaamini mwenzake anatazama. Kwa lugha ya hati, hizo ni baiskeli zilizoachwa bila mwangalizi, bila kufuli, mbele ya barabara kuu ya Namanga. Ikiondoka moja, wenzako watasema kampuni hazilipi baiskeli, na watakuwa wamesema kweli kuhusu baiskeli ya aina hiyo. Nani hubeba kufuli la kilo moja na nusu juu ya baiskeli aliyoilipia laki nzima zaidi ili ipungue kilo moja? Najua. Lakini hiyo ndiyo siku yako ya hatari, siyo ya mnyang'anyi usiku wa manane. Mkubaliane mmoja abaki nje, mpokezane.

Kunyang'anywa ukiwa juu yake, kwa kisu au kwa kusukumwa, kwa kawaida hulipwa, maana wewe ulikuwapo na nguvu ilitumika. Utatakiwa uende kituo cha polisi mapema, upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye abstrakti, hati ya polisi inayothibitisha kwamba uliripoti. Usirudi nyumbani kuoga kwanza.

Kuanguka nako kuna mambo yake. Chuma kikigonga jiwe hupinda, unakiona. Kaboni inaweza kupata ufa wa ndani, nje pakabaki rangi tu iliyokwaruzika, na ikakatika wiki tatu baadaye ukiteremka. Hapo nitakuja mimi nikuulize: ufa huu ni wa ajali ya tarehe gani? Bima hulipa jambo la ghafla lenye tarehe; uchakavu na kulika kwa cheni, tairi na meno ya gia ni mzigo wa mwenye baiskeli. Ukianguka vibaya, piga picha palepale ardhini kabla hujaiinua, kisha upate maandishi ya fundi siku hizo hizo. Mikwaruzo ya rangi usijisumbue kuidai.

Sasa tuhesabu, kwa sababu wewe ni mwalimu na hesabu haikuogopeshi. Asilimia 5 ya 380,000 ni 19,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya bima asilimia 0.2, ambayo ni 38. Ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika asilimia 0.25, ambayo ni 47.50, na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla 19,125.50. Ukiambiwa zaidi ya hapo kwa bei hiyo hiyo, uliza ya nini.

Ikiibwa yote na ikilipwa yote, utakatwa asilimia 10, upate 342,000. Gawanya kwa ada ya mwaka, unapata karibu 18. Maana yake bei hii ina faida kwako kwa hesabu tupu ikiwa unaamini utaipoteza angalau mara moja katika miaka 18. Kwa mtu anayeilaza sebuleni na kuibeba Jumamosi tu, naona bei iko juu. Kwa mtu anayeiendesha kazini kila siku na kuifunga nje ya geti la shule, pengine iko sawa.

Na ile 20,000 ya chini, ambayo mawakala huiita eksesi, inafuta madai yote madogo. Ukivunja kifaa cha kubadilishia gia cha nyuma cha 28,000, utalipwa 8,000, na kwa hizo 8,000 utajaza fomu, utapiga picha, na kunisubiri mimi. Wengi huamua kuacha. Kwa hivyo unachonunua hasa ni kinga ya baiskeli kutoweka yote au fremu kufa. Ione hivyo.

Ila hesabu hiyo imeacha kitu kimoja, nacho ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wenzako moja kwa moja: mkopo. Chukua baiskeli imeibwa mwezi wa nane. Kama unapunguza deni sawasawa, bado una kama 167,000 za kulipa, kabla ya riba, kwa miezi 16, kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Sacco haitakuuliza kama bado unaiendesha. Najua mikopo ya Sacco mara nyingi huwa na bima, lakini hiyo ni ya wewe kufariki, deni lisiwaangukie wadhamini wako, baiskeli haimo. Mtu aliyenunua kwa akiba yake akiibiwa huumia mara moja. Wewe utaumia kila tarehe ya mshahara.

Kwa sababu hiyo, jibu langu ni kwamba uikatie bima kwa miezi 24 ya mkopo, kisha uache. Miaka miwili itakugharimu 38,251 ikiwa bei haitabadilika. Mkopo ukiisha, usiifurahie sana ile 10,000 na ushee iliyokuwa ikikatwa kila mwezi. Endelea kuikata mwenyewe, uiweke mahali. Katika miezi 36 ni 360,000, na wewe ndiye kampuni ya bima. Wenzako wanachokushauri ni kizuri, kasoro yake ni kwamba leo huna hiyo akiba, na mwizi hasubiri ijae.

Lakini nasema ukate bima endapo tu hati itasomeka sawa kwenye suala la thamani. Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kuliko kwenye kufuli.

Tuseme umeikatia 380,000, bei uliyonunulia. Kuna hati zinazosema kitu kikipotea kitahesabiwa kwa bei ya kipya, na zinakutaka uikatie kwa bei ya kipya, yaani 650,000. Ukiikatia pungufu, kampuni inakuchukulia kwamba sehemu iliyobaki umejikatia mwenyewe, na inakulipa kwa uwiano huo kwa kila hasara, hata ndogo. Fremu ikipasuka na matengenezo yakawa 150,000, watachukua 380 juu ya 650, wapate 87,692, watoe 20,000 yako, wakupe 67,692. Nimeshuhudia watu wazima wakitoa machozi kwa hesabu hiyo, na haina hata senti moja ya udanganyifu.

Hati nyingine hulipa thamani ya sokoni ya siku ya hasara. Hapo kuikatia 380,000 ni sawa, lakini mwaka wa pili ikiibwa nitapiga simu kwa wauzaji nione baiskeli kama yako, ya umri huo, inauzwa ngapi, na kama ni 300,000, ndiyo itakayoanziwa, hata kama ulilipa ada ya 380,000 mpaka shilingi ya mwisho. Bima ya mali haikusudiwi kumwacha mtu akiwa tajiri kuliko alivyokuwa jana yake. Mahakama za Uingereza zilishalikaza jambo hili mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston, iliyohusu nyumba iliyoungua kabla mnunuzi hajamaliza kulipa, na sheria yetu ya bima imekulia kwenye mti huo huo.

Njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka uiombe, ni thamani iliyokubaliwa: mnaandikiana mwanzoni kwamba ikipotea yote mwaka huu ni 380,000, bila kurudi sokoni. Si kila kampuni itakubali kwa baiskeli. Muulize wakala kwa maandishi hati yake inahesabu kwa ipi kati ya hizi tatu. Akikujibu "usijali, tutaangalia wakati huo," funga mazungumzo.

Muulize pia bei ikiwa baiskeli itaingizwa ndani ya bima ya nyumbani, kama kitu kilichotajwa kwa jina na namba kwenye ile sehemu ya hatari zote, pamoja na vyombo vyako vingine. Mara nyingine kuvikatia vyote pamoja kunapunguza bei, na televisheni na friji zinapata kinga kwa nyongeza kidogo.

Linalofuata hukuliuliza, lakini lingenipa shida ningekuwa mimi ndiye niliyetumwa kwako. Ulinunua kwa mgeni ambaye sasa yuko kwao. Baiskeli ni yako kwa ushahidi gani? Gari lina kitabu cha usajili, baiskeli haina. Mtumie ujumbe leo, angali anakukumbuka, akuandikie barua fupi ya mauzo yenye jina lake, tarehe, bei na namba ya fremu, na kama ana risiti yake ya dukani akutumie picha. Weka pamoja na taarifa ya benki au M-Pesa inayoonyesha pesa zilivyotoka kwako. Halafu kuna ushuru. Kitu ambacho mgeni amekiingiza kwa matumizi yake akakiuza hapa nchini kinaweza kudaiwa ushuru wa forodha. Waulize KRA, mamlaka ya mapato, uwe safi. Sitaki kukutisha, ila dai la 380,000 huvuta macho, na ni vibaya swali hilo likaulizwa kwa mara ya kwanza siku unayodai.

Barabara ya Kitengela umeitaja kama hadithi tu, lakini malori ya huko hayana hadithi. Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari awe na bima kwa ajili ya mtu wa nje anayeumia au kufa. Haimlazimishi kwa mali ya huyo mtu. Kwa hivyo matatu ikikugonga, mwili wako una pa kudai kisheria. Baiskeli itategemea mwenye gari alinunua hati ya aina gani. Namba ya gari na jina la kampuni kwenye stika ya kioo, vyote vichukue, au mwombe aliyesimama karibu apige picha.

Na hapa nakiri upendeleo wangu: kama mfuko unaruhusu jambo moja tu mwaka huu, ningenunua bima ya ajali ya mtu binafsi kabla ya bima ya baiskeli. Mwalimu aliyevunjika mfupa wa bega haandiki ubaoni. Soma tu kama uendeshaji wa baiskeli haukutolewa, na kinga ya matibabu uliyo nayo kazini inaishia wapi. Mimi mwenyewe naendesha baiskeli ya zamani ya mlimani ya 35,000, haina bima wala haitaipata. Mwili wangu unayo. Baba yangu aliendesha Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, miaka thelathini na kinga yake ilikuwa uzito: mwizi angechoka kabla ya kufika mtaa wa pili.

Mwisho wa barua yako umeniuliza kama unaweza kunyamaza kuhusu mipango yako miwili, kushiriki mashindano ya Maasai Mara na kuendesha hadi Arusha likizo ya Desemba, kwa kuhofia bei isipande. Usinyamaze. Mashindano mara nyingi yametolewa kwenye hati hizi, na mipaka ya kinga mara nyingi ni Kenya pekee. Ukivuka Namanga, umeiacha bima yako upande wa huku, mwenyewe hujui. Wape habari kabla hujasaini, kwa barua pepe ili ibaki. Wakiongeza ada ya safari ya wiki mbili, pima kama inafaa. Wakikataa mashindano, utajua kwamba zile siku nne za Mara unaendesha kwa pesa zako, na pengine utateremka polepole. Ukificha na wakagundua, wana haki ya kukataa hata dai lisilohusiana na Mara.

Ada ilipe kwa paybill ya kampuni, isipitie simu ya wakala hata kama ni mtu wa kanisani kwenu, na uhakikishe jina la wakala na la kampuni yamo kwenye orodha ya waliosajiliwa na IRA, mamlaka inayosimamia bima. Risiti ikitoka ndipo uhesabu kinga imeanza.

Halafu igeuze baiskeli juu chini, miguu yake ikiangalia dari. Pale mikono ya pedali inapokutana, chini ya fremu, kuna namba imechongwa au kubandikwa. Piga picha ya namba hiyo, na ya baiskeli nzima wewe ukiwa pembeni yake, na ujitumie kwa barua pepe. Simu yako nayo huibwa.